Maji Hayaulizi Mikono

Tulimzika Mama Mdogo kule Pongwe, siku ya jua kali, na baada ya mazishi tukakaa chini ya turubai tukila wali wa msiba. Mimi msibani hula vizuri na sioni haya. Aliyekufa hakuacha agizo kwamba tufe njaa. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa ukoo, mtu mzima kuliko mimi, amepakata kitukuu chake, kitoto cha miezi michache chenye mashavu ya kushiba. Nikanyoosha mikono nimpokee. Kwa mtoto kila mtu hunyoosha mikono, wala hufikirii. Yule mama akatabasamu, akamgeuzia mtoto upande wa pili, akasema, "Huyu hapendi kushikwashikwa, mwanangu, atakusumbua bure." Mtoto mwenyewe alikuwa anacheka. Nikairudisha mikono yangu kwenye sahani nikaendelea kula, lakini nikakumbuka kitu ambacho nilidhani nilikwisha kukizika zaidi ya miaka arobaini iliyopita, mtaa wa Makorora mjini Tanga, katika nyumba aliyopanga huyu huyu tuliyetoka kumfukia. Wanangu wamenisumbua siku nyingi niandike habari za maisha yangu, nami huwajibu kwamba sina habari. Basi ninayo moja. Ni ya mwaka niliokuwa na miaka kumi na mitano, na nitaisema kama ilivyokuwa, maana waliokuwa na sababu ya kuninyamazisha wote wamekwisha tangulia.

Nilishuka Tanga mwanzoni mwa mwaka, baada ya Bibi aliyenilea kule milimani Lushoto kufariki. Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu, alifanya kazi bandarini, na yeye na mkewe walipanga Makorora katika nyumba ya Bi Time, mjane wa Kipemba mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili. Ilikuwa nyumba ya kawaida ya uswahilini: korido ndefu katikati, vyumba kulia na kushoto, na mwisho wa korido uani, penye jiko la makuti, choo na pipa la maji. Chumba cha mbele kilikuwa cha Baba Mdogo na mkewe. Mimi nililala cha nyuma kilichopakana na jiko, kwa hiyo nilijua kila kilichopikwa na kila kilichosemwa. Mama Mdogo alikuwa mwembamba, mpole, na mjamzito. Alikuwa ameshazika watoto wawili, wote kabla ya arobaini yao, na alitembea na tumbo lile kama mtu aliyejitwisha ndoo iliyojaa pomoni. Tulikula bada, ule ugali wa muhogo, kwa samaki wa nazi, siku nyingine kwa mchicha mtupu, maana ilikuwa miaka ile ya foleni za sukari na sabuni, lakini hakuninyima kitu. "Kula, Damari, ushibe," aliniambia, "hapa ni kwenu." Ila sahani yangu aliisukuma kwa ncha za vidole mpaka katikati ya mkeka, akauondoa mkono, ndipo mimi nikaichukua. Chumvi hakunipa mkononi, aliiweka chini niokote. Nguo zangu zilikuwa na kamba yake peke yake ya kuanikia. Siku moja nilitaka kupita juu ya miguu yake aliyoinyoosha mlangoni, akaikunja ghafla hivi, mpaka goti likagonga ukuta. Nikamwomba radhi, akasema si kitu, huku analisugua goti na macho yamemtoka. Mimi mtoto wa mlimani nikadhani ndio ustaarabu wa mjini. Nikayashika yote, nikaanza hata kujivuna kwamba nimeujua mji.

Masika yalipoanza akaja Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu na Baba Mdogo, kumsaidia wifi yake siku za kujifungua. Alikuwa mama wa kanisa hasa, kiongozi wa akina mama huko kwao, wa kuamka alfajiri na kuomba kwa sauti. Kila nilipofungua mdomo kusema, alinitazama meno. Mchana mmoja wa mvua nilikuwa nimejilaza chumbani kwangu, na wao wako jikoni, upande wa pili wa ukuta, wanapepeta mchele. "Yale uliyoyasikia ni kweli, wifi. Miaka yote hii mama alitudanganya," nilimsikia Shangazi. "Kamfungia mtoto ndani miezi mizima, anatuambia ana surua. Surua gani ya miezi? Mimi ndiye niliyeingia bila hodi nikaona. Meno mawili ya juu, na chini ufizi mtupu." Mama Mdogo akauliza taratibu kama labda ya chini yalikuwa njiani. "Wifi yangu, kigego ni kigego. Mwaka haukuisha, kaka Danieli kafa. Mama yake mtoto akafuata. Sasa mama naye kaenda, na nyie mmempokea, na tumbo hilo!" Sauti ya mchele kwenye ungo ikakoma. "Nimfukuze aende wapi?" aliuliza Mama Mdogo. "Si ni mtoto huyu?" Shangazi akashusha sauti, nami nikajikuta nimelibandika sikio ukutani. "Sijasema umfukuze. Nimesema mtoto wako asimguse. Asimshike, asiingie chumbani, hata kivuli chake kisimfikie, mpaka arobaini ipite. Nakuomba, usizike wa tatu."

Kwa asiyejua, kwetu zamani mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu aliitwa kigego, na watu waliamini kwamba ataumaliza ukoo wake mmoja mmoja, bila hata kukusudia. Enzi za mababu watoto hao hawakulelewa. Walipelekwa porini, na zaidi ya hapo sisemi. Dini ilipokuja jambo lile likaacha kutendwa, lakini kuogopwa halikuacha. Watu waliimba kanisani Jumapili, na Jumatatu wakawachungulia wajukuu zao vinywani. Bibi yangu alikuwa Mkristo, na alinificha. Ndiyo maana nilikua. Lakini mchana ule sikumshukuru Bibi. Nilipitisha ulimi kwenye meno yangu ya juu, nikawakumbuka wafu wangu: baba, mama, Bibi mwenyewe, na Rusi, rafiki yangu wa shule niliyemsuka nywele siku moja, na wiki haikuisha akafa kwa homa. Rusi hakuwa hata wa ukoo wetu, lakini ukishaanza kujihukumu huchagui. Niliwaua wote, nikawaza, na nilikuwa napenda kumsuka yule. Nikalia ndani ya mto ili jikoni wasisikie.

Nimeishi nimejua hatia za aina nyingi, na nyingine nilizistahili. Ukiiba, unarudisha. Ukitukana, unaomba radhi. Lakini hatia ya kuwa vile ulivyo huna pa kuipeleka, unalala nayo na kuamka nayo. Tangu siku ile nikawa mtu wa kujibana. Nilipita korido nimejishika kanga isimguse mtu. Nikiteka maji, nilimwaga kata ya kwanza, nisije nikawa nimeyagusa mdomoni mwa pipa. Sahani yangu ikisukumwa, nami niliivuta kwa ncha za vidole, na Mama Mdogo akaona. Tukatazamana. Alijua kwamba nimejua. Akainamisha kichwa akala, na mimi nikamhurumia, maana aliogopa kweli, na mtu anayeogopa kweli huwezi kumchukia ukiwa wewe mwenyewe unaogopa kitu kile kile.

Mwaka huo huo nilikuwa kwenye mafundisho ya kipaimara. Mchungaji wetu alikuwa na makanisa mengi ya kuzungukia, tulimwona kwa nadra, kwa hiyo aliyetufundisha kila Jumamosi alasiri alikuwa Mwinjilisti Zefania, naye mtu wa milimani kama sisi, mrefu, mwenye suruali iliyoishia juu ya vifundo na mzaha wa kutosha kutufanya tusisinzie. Jumamosi moja alikuja na papai bichi amelifunga taulo kama kichanga. Akatuambia kwamba mtoto akiwa mahututi na mchungaji yuko mbali, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza. Yeyote. Anachukua maji, anamtaja jina, anambatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, basi, amebatizwa kama aliyebatizwa madhabahuni. Baadaye ataulizwa mbele ya watu: nani alibatiza, kwa kitu gani, kwa jina la nani. Tukapanga mstari na kikombe cha bati tukalibatiza lile papai, vijana wakacheka mpaka mmoja akaanguka na benchi, na Mwinjilisti akawaacha wacheke. Kisha akasema kitu ambacho hakikuchekesha mtu. Katika usharika wetu wa siku zile, mtoto aliyekufa bila ubatizo hakupitishwa kanisani. Hakupigiwa kengele wala kuimbiwa. Wanaume wawili watatu walimtoa nyumbani moja kwa moja hadi makaburini, na shughuli ikaisha. Nilijua. Ndivyo walivyokwenda watoto wa Mama Mdogo. Aliniambia mwenyewe siku tulipokuwa tunachambua mchicha, bila kuninyanyulia macho: "Wanangu walitolewa humu kama mizigo, Damari. Nilisikiliza kengele siku nzima, nikasahau kwamba hailii."

Kijana mmoja mtundu akauliza, "Mwinjilisti, hata mwizi anaweza kubatiza?" Mwinjilisti akasema, "Hata mwizi. Maji hayaulizi mikono. Anayebatiza ni Mungu, wewe umeazimwa tu." Maneno yale yaliniingia nikahisi joto kifuani. Wenzangu walipotoka nikabaki nikikusanya vitabu vya nyimbo, na nilipoona tuko wawili nikamuuliza, "Hata kigego?" Alikuwa anafunga dirisha. Akageuka, akanitazama, na macho yake yakashuka mdomoni kwangu. Halafu akarudi hatua moja nyuma. Alikuwa mtu mwema, na alikuwa na watoto wadogo nyumbani. "Nani kakwambia neno hilo?" aliuliza. Nikamwambia kigego ni mimi. Akashika komeo la dirisha kama vile limeharibika, akalifungua na kulifunga. "Tutazungumza Jumamosi ijayo," alisema. Jumamosi iliyofuata aliondoka kabla ya wimbo wa mwisho kwisha, akisema anamwahi mgonjwa. Nilimtazama akivuka barabara haraka haraka, nikasema moyoni, kumbe ni kweli, hata wa kanisani wanakimbia.

Mtoto alizaliwa mvua zilipokatika. Wa kiume. Sikumwona. Nilimsikia tu, kwanza sauti nyembamba, siku zilivyokwenda sauti ya mtu anayejua anachotaka. Mlango wa chumba cha mbele uliwekwa pazia zito, na Shangazi akawa mlinzi. Uji wa pilipili manga niliupika mimi jikoni, lakini Shangazi alilichukua bakuli mlangoni na kulifuta kwa kitambaa kabla ya kuingia nalo. Bi Time hakuelewa. "Nyie watu wa milimani mna mambo," alisema siku moja uani, anakuna nazi. "Damari, mbona humbebi mdogo wako? Wenzio wa rika lako hapa mtaani wanagombea." Nikamwambia nina mafua. "Mafua ya mwezi mzima?" akasema, akanicheka. Jina mtoto alikuwa bado hajapewa. Baba Mdogo alitaka asubiri arobaini, na Mchungaji naye alisubiriwa. Usiku na mchana niliomba ombi moja: Mungu, nisipite karibu. Sikumwomba anitoe ule uchafu, kwa sababu niliamini hautoki. Nilimwomba tu umbali.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida, mchana kweupe, jua limesimama juu ya bati. Mama Mdogo alikuwa ameamka na homa. Baba Mdogo yuko kazini, na Shangazi amekwenda kupanga foleni ya sukari baada ya kunikumbusha kwa kidole kwamba mwisho wangu ni pale penye pazia. Niliosha vyombo. Kisha nikagundua kwamba nyumba imenyamaza kwa namna mbaya. Nikaita, "Mama!" Nikaita tena, nikasikia kitu kama kitanda kinatikiswa kidogo kidogo. Nikalifungua pazia. Mama Mdogo alikuwa amelala chali, jasho limelowanisha mto, macho yako nusu, anaongea maneno yasiyo na mpangilio. Pembeni yake mtoto alikuwa amekakamaa, mikono inarukaruka, macho yamegeuka yote meupe. Nilipiga ukelele, Bi Time akaja mbio na kanga moja, akatazama mara moja tu. "Degedege hili. Na mamake naye hajitambui. Mshike mtoto, mie natafuta gari." Nikamwambia, "Bi Time, mimi siwezi kumshika." "Huwezi una nini? Si una mikono miwili?" Akatoka, nikasikia sauti yake ikimwita mtu barabarani, ikaenda mbali.

Nikabaki nimesimama ndani ya pazia. Nasema kweli, nilitaka kukimbia. Nilijiambia nikikaa hapa mlangoni atapona, nikimgusa atakufa, na mpaka leo nikikumbuka jinsi nilivyoliamini jambo hilo nasikia baridi. Ndipo Mama Mdogo akafumbua macho. Akanitambua, mimi, pale ndani. Nilidhani atapiga kelele. Akasema, kwa sauti safi kabisa, "Damari. Huyu asiende kama wenzake." Kisha macho yakarudi yalikokuwa. Nilielewa alichoomba. Kulikuwa na kikombe cha maji ya kunywa kwenye stuli. Nikasimama kati ya kile kikombe na ule mlango, na kitu pekee nilichokuwa nacho kichwani ni neno la Mwinjilisti, neno ambalo mwenyewe alishindwa kulisimamia aliponitazama: maji hayaulizi mikono. Ama lilikuwa kweli au halikuwa kweli. Kama lilikuwa kweli, basi lilikuwa kweli kwangu pia, na kama halikuwa kweli kwangu, halikuwa kweli kwa mtu yeyote, na tulikuwa tunabatiza mapapai. Nikasema, "Bwana Yesu, naogopa," nikamnyanyua.

Alikuwa wa moto, na mwepesi kuliko nilivyodhani. Sikuwa na jina lake. Jina lililonijia lilikuwa la baba yangu, ambaye simkumbuki sura na ambaye niliambiwa nilimwua. Nikachota maji kwa kiganja nikamtia utosini. "Danieli, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Mtoto akalegea, mikono ikatulia, macho yakarudi mahali pake, na akanitazama. Hakunitazama kama kichanga kinavyotazama taa. Alinitazama mimi. Nikacheka kwa sauti humo ndani, nikijua kwamba Mungu ameniponya mimi na yeye kwa mkupuo mmoja. Nikamsogeza kifuani, nikamwimbia kidogo. Sijui ni muda gani ulipita mpaka nikagundua kwamba naimba peke yangu, na kifua chake hakipandi tena. Nikamlaza ubavuni mwa mama yake, nikamfunika, nikatoka nikasimama uani. Bi Time alipofika na gari walimbeba Mama Mdogo na mtoto pamoja, na mimi nikabaki na maneno mawili yakipigana kichwani, nimemwua, nimembatiza, nimemwua, nimembatiza. Jioni Shangazi aliniuliza kama nilipita lile pazia. Nikainamisha kichwa, akalichukua hilo kuwa hapana, nami nikamwacha alichukue hivyo.

Kesho yake asubuhi sebule ya Bi Time ilijaa. Mama Mdogo alitoka hospitali kwa kulazimisha, akaegemezwa ukutani juu ya mkeka, Bi Time amemshikilia, na hakuonekana kama mtu anayesikia. Sanduku lilikuwa dogo, limewekwa juu ya meza. Mwinjilisti Zefania alisimama mlangoni na biblia yake imefungwa, maana hakuwa na cha kufungulia. "Ndugu zangu," alisema, "ni lazima niulize. Mtoto aliwahi maji?" Baba Mdogo akatikisa kichwa. "Hakuwahi," alisema Shangazi. Wanaume wawili wakainama washike sanduku. Nilikuwa nyuma kabisa, karibu na korido, na nilijua hivi: nikinyamaza, hakuna atakayejua kamwe kwamba nilimgusa, na Danieli atatolewa kama mzigo. Nikisema, nitakuwa kigego aliyeua mbele ya ukoo mzima, kwa kinywa changu mwenyewe. "Aliwahi," nikasema.

Wakageuka wote. Mwinjilisti akaniona, nikaona rangi yake ikibadilika. "Nani alimbatiza?" aliuliza. Nikasema ni mimi. Shangazi akapiga mikono pamoja. "Mmesikia wenyewe. Kamgusa. Niliwaambia, nikaonekana mbaya, mmesikia wenyewe." Minong'ono ikazunguka sebule, na neno lile nililisikia likitembea kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, kigego, kigego, na mama mmoja akamvuta mtoto wake nyuma ya kanga. Mwinjilisti angeweza kuishia pale, na hakuna ambaye angemlaumu. Alinigeukia tena. "Kwa kitu gani?" aliuliza. "Maji," nikasema. "Kwa jina la nani?" Nikayasema maneno yote matatu, Baba, Mwana, Roho Mtakatifu. "Na ukamwita nani?" Nikasema, "Danieli." Shangazi, aliyekuwa bado ananong'ona, akalisikia. Lilikuwa jina la kaka yake. Alikaa chini pale pale alipokuwa, bila kuangalia kama pana mkeka, akajifunika uso na kanga.

Mwinjilisti alipita katikati ya watu mpaka nilipokuwa, na watu wakampisha haraka kuliko ilivyohitajika. Akaniwekea mkono kichwani. "Binti huyu aliniuliza swali," aliwaambia, "nami nikamkimbia. Mungu anisamehe. Naogopa hata sasa, na nyie mnaogopa, nawaona. Lakini ubatizo huu ni ubatizo. Danieli anapita kanisani." Akamwambia Baba Mdogo atangulie akapige kengele. Baba Mdogo alitoka akikimbia, mtu mzima yule, na baada ya kitambo tukaisikia, ikilia bila mpangilio, maana hakuwahi kuipiga. Mama Mdogo aliinua kichwa. Ndipo alipoanza kulia, na wanawake wakaanza wimbo, wengine wakiimba na wengine wakinitazama tu.

Nisiseme kwamba mambo yaliisha siku ile. Shangazi alirudi kwake bila kuniaga, na siku nilipopata kipaimara, mwisho wa mwaka, kuna benchi zima la watu waliohama nilipokaa. Lakini siku ya nne baada ya mazishi, Mama Mdogo aliniita chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, kifua kimefungwa kanga kwa nguvu kwa sababu maziwa yalikuwa bado yanakuja. Nikasimama mlangoni kama nilivyozoea, akaniambia niingie. Nikakaa sakafuni, akasema hapana, akapapasa kitanda. "Sikumbuki kitu, mwanangu," alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa naye. Niambie yote." Nikamwambia. Nilimwambia jinsi alivyokuwa wa moto, na kile kikombe, na jina nililomwita, na jinsi nilivyocheka nikidhani amepona. Halafu nikamwambia kwamba alifumbua macho akanitazama.

"Alikutazama wewe?"

"Mimi, Mama."

"Aliogopa?"

Nilifikiri kwanza, kwa sababu sikutaka kumdanganya. "Hapana," nikasema. "Hakuogopa."

Akauchukua mkono wangu, akauweka mapajani kwake, akaufunika na wa kwake. "Basi na sisi tuache kuogopa," alisema.